Kuba jeupe la Hollywood Bowl na mteremko wenu wa Kisauni

"Assalaam aleikum, mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha muziki upande wa Kisauni, Mombasa. Mzee mmoja ameturuhusu kutumia shamba lake linaloshuka magharibi mpaka karibu na mikoko ya mkono wa bahari wa Tudor, tulifanye uwanja wa maonyesho ya wazi: taarabu, bendi, maigizo ya shule. Mfadhili mmoja aliyewahi kuishi Marekani ametuonyesha picha za Hollywood Bowl, na anataka tujenge kuba la zege kama lile. Anasema likishasimama hatutahitaji spika, kuba lenyewe litarusha sauti mpaka nyuma, na kwamba la kule limesimama miaka mia moja halijaguswa. Mwenyekiti amekwisha kubali. Mimi nina wasiwasi, kwani pesa nyingine ni za mchango wa watu. Hebu tueleze historia yake ya kweli, na kama kuba hilo litatufaa sisi au tutakuwa tumezitupa pesa baharini."

Waaleikum salaam, ndugu katibu.

Nimelisoma swali lako mara mbili, na naona kinachokunyima usingizi ni ile siku ya ufunguzi. Kuba limesimama, limepakwa rangi, wageni wameketi, na akina mama waliotoa mia mia zao wako safu ya nyuma wanaulizana, "Kwani anaimba nini?" Hofu hiyo ni ya haki. Nimefanya kazi ya sauti hapa pwani miaka mingi, na mara nyingi nimeitwa pesa zikishakwisha, kuokoa jengo lililochorwa kwa kutazama picha. Wewe umeuliza kabla ya kokoto ya kwanza kumwagwa. Kwa hilo nakushukuru kwa dhati.

Mfadhili wenu ana nia njema, lakini habari alizonazo haziko sawa. Uwanja wa Hollywood Bowl, ule wa maonyesho ya wazi mjini Los Angeles, umekuwa na makuba matano mpaka leo: la 1926, la 1927, la 1928, la 1929 na hili la sasa la 2004. Lililodumu kuliko yote, lile la 1929, halikuwa la zege. Lilikuwa fremu ya chuma iliyovikwa mabamba ya saruji yenye asbesto ndani yake, ndugu wa yale mapaa tuliyoambiwa tuyaondoe kwenye nyumba zetu. Na spika wanazo, nyingi na kubwa, zimening'inizwa pande zote mbili za jukwaa. Hakuna anayejaribu leo kuwafikia watu elfu kumi na saba kwa kuba peke yake.

Hata hivyo, mzizi wa habari aliyoisikia upo. Kulikuwa na wakati ambapo sauti ilipanda kule mpaka nyuma bila umeme wowote. Aliyoikosea ni sababu yake.

Kisa kinaanza 1919. Wapenzi wa michezo ya kuigiza mjini Los Angeles walikuwa wakitafuta mahali pa kuchezea nje, wakawatuma William Reed na mwanawe, H. Ellis Reed, wapatafute. Wawili hao walizunguka vilima vya Hollywood mpaka wakafika kwenye bonde lililoitwa Daisy Dell, lililozungukwa na miinuko kama bakuli, na ni umbo hilo lililoupa uwanja jina lake. Baba akasimama chini, karibu na mti. Mwana akaruka ua wa waya na kupanda mpaka ukingo wa kilima. Wakazungumza, huyu kule chini na huyu kule juu, wakasikilizana. Wakarudi mjini mbio kusema mahali pamepatikana.

Naomba ulishike hilo, ndugu yangu, maana ndilo jibu langu lote kwa ufupi: siku ile palikuwa na bonde, mti mmoja na watu wawili. Hapakuwa na kuba. Sauti ilipanda kwa sababu ya umbo la ardhi na kwa sababu ya utulivu wa mahali penyewe, mbali na kelele za mji, vilima vikikinga upepo.

Msimu wa kwanza wa muziki ulifunguliwa tarehe 11 Julai 1922, okestra ya Los Angeles Philharmonic ikiongozwa na Alfred Hertz. Watu walikaa juu ya mabenchi ya mbao yaliyopangwa kwenye kilima kama kilivyo, na jukwaa lilikuwa la kawaida kabisa, baadaye likapata kivuli cha turubai. Kiingilio kilikuwa senti 25. Wanaoijua historia ya uwanja ule huitaja miaka hiyo ya mwanzo kwa hamu, kwa upande wa sauti.

Kisha wakaja wajenzi. Mwaka 1926 kundi la wasanifu lililojiita Allied Architects lilipewa kazi ya kuichonga upya ardhi ya bonde, kuweka viti vya kudumu na kujenga kuba la kwanza. Nafasi iliongezeka sana. Usiku mmoja wa 1936 watu 26,410 walijazana kumsikiliza mwimbaji Lily Pons, na idadi hiyo haijafikiwa tena. Lakini kazi ile ya kukata na kujaza udongo iliidhoofisha sauti ya asili ya bonde, na ilionekana wazi kwa kila mwenye masikio. Kuba lenyewe, lililochorwa picha za merikebu, halikumridhisha mtu kwa sauti wala kwa sura, likaondolewa baada ya msimu mmoja.

Mwaka uliofuata, 1927, kazi ilipewa Lloyd Wright, mtoto wa msanifu maarufu Frank Lloyd Wright. Alichukua mbao zilizobaki kwenye maonyesho ya Robin Hood, akajenga umbo la piramidi lenye pande bapa. Wengi husema hilo ndilo kuba lililokuwa na sauti nzuri kuliko yote yaliyowahi kusimama pale. Msimu ulipokwisha likabomolewa, kwa kuwa wakubwa hawakuipenda sura yake. Walitaka upinde. Akarudi 1928 na kuba la pete za upinde, moja nje ya nyingine, lenye vibao vya ndani vilivyoweza kugeuzwa ili kurekebisha sauti. Alilibuni lifunguliwe vipande vipande na kuwekwa ghalani msimu ukiisha. Hakuna aliyelifungua. Likanyeshewa masika yao yote, likaharibika.

Ndipo 1929 wakarudi wale wale Allied Architects wakajenga kuba jeupe la nusu duara, na hilo ndilo dunia ilikuja kulijua na kuliiga. Sauti yake ilikuwa ya kuridhisha tu, chini ya ile ya makuba mawili ya Wright. Kila nikikumbuka hivyo naumia. Lililosikika vizuri lilivunjwa kwa ajili ya sura, na lililopendeza machoni likaigwa miji mingi na watu ambao hawakuwahi kuketi mbele yake.

Miaka ikaenda na matatizo yakajitokeza. Barabara kuu ilipitishwa kwenye mwanya wa kilima jirani mwanzoni mwa miaka ya 1940, ndege zikaongezeka angani, na ule utulivu ambao Reed na mwanawe waliukuta haukurudi tena. Wanamuziki wenyewe walilalamika kwamba wakiwa ndani ya kuba hawasikilizani. Mwaka 1970 msanifu Frank Gehry aliweka ndani yake mabomba makubwa ya kadibodi kama dawa ya muda, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akayatoa na kutundika matufe makubwa ya faibaglasi. Vyote hivyo vilikuwa vya kutuliza mwangwi mbaya ambao kuba lenyewe lilikuwa likiutengeneza. Baada ya mabishano marefu na wahifadhi wa majengo ya kale, kuba la 1929 lilivunjwa 2003. La sasa, lililofunguliwa 2004, ni kubwa zaidi, limehifadhi sura ile nyeupe ya pete, na juu ya jukwaa imening'inizwa pete kubwa yenye vibao vya kurudisha sauti kwa wanamuziki. Kwa hiyo picha alizowaonyesha mfadhili, kama ni za karibuni, ni za jengo la juzi tu.

Sasa tuingie kwenye sauti yenyewe, kwa sababu mwenyekiti wenu ataitaka sababu kabla ya historia.

Sauti inayotoka mahali pamoja hutapanyika kila upande, na kila umbali ukizidi mara mbili inapungua desibeli 6, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Mwimbaji mwenye kifua akitoa desibeli 80 ukiwa mita moja mbele yake, ukirudi mita 2 unapata 74, mita 4 ni 68, na ukifika mita 32 umebaki na 50. Magari, jenereta, mawimbi na watu wanaonong'ona hufikia hizo 50 bila taabu. Hapo maneno huzama. Kwa taarabu hilo ni msiba, maana watu wamekuja kusikiliza maneno na mafumbo yake; zumari hata ikisikika nusu mtu anaweza kuvumilia.

Ukuta nyuma ya jukwaa husaidia kwa kuwa sauti iliyokuwa ikipotea nyuma inarudishwa mbele. Lakini faida yake ina mpaka. Ukuta mzuri ulio karibu kabisa unaweza kuongeza kama desibeli 3, na hiyo ni chini ya kile unachopoteza kwa kurudi nyuma mara mbili ya umbali. Hakuna kuba litakaloiumba sauti ambayo mwimbaji hakuitoa.

Umbo nalo lina hatari yake. Ukuta uliopinda kwa ndani, kama kuba au bakuli lililosimamishwa, hukusanya sauti na kuimwaga mahali pamoja, kama kioo cha kurunzi kinavyofanya na mwanga. Mpiga ngoma akikaa sehemu fulani, mtu wa safu ya sita atapigwa masikioni na jirani yake asisikie kitu. Ndani ya jukwaa mpiga kinanda atausikia udi wa mwenzake umechelewa, umetoka juu ya kichwa chake badala ya ubavuni. Ndiyo maana ya mabomba ya Gehry na matufe yake: kuivunja ile mikunjo, sauti itawanyike. Mbao bapa zilizoinamishwa kidogo, kila moja na upande wake, hufanya kazi hiyo tangu mwanzo kwa gharama ndogo. Wright alilijua hilo 1927.

Mteremko ndio wenye faida kubwa, na huo mnao tayari. Watu wakikaa kwenye ardhi bapa, sauti hupita juu ya vichwa vyao ikikwaruzana na nguo, nywele na miili, na safu za nyuma zinapata makombo. Wakikaa juu ya mteremko, kila mmoja anaiona midomo ya mwimbaji na kuipokea sauti moja kwa moja, bila kichwa cha mwenzake katikati. Ukiniuliza nini cha kulinda kwenye shamba lile, nitasema ardhi yenyewe. Msilete tingatinga kusawazisha kabla hamjajua mteremko unafanya nini. Hollywood walileta mashine 1926, na hakuna aliyeweza kuirudisha sauti iliyoondoka.

Halafu kuna upepo, na hapa shamba lenu linahitaji uangalifu ambao picha za Marekani haziwezi kuwafundisha. Umesema linashuka magharibi. Jukwaa basi litakuwa chini, karibu na mikoko, na watu watakaa juu yake wakiipa Kisauni mgongo. Sauti itasafiri kwenda mashariki. Kusi hutujia kutoka kusini mashariki, na kaskazi hutoka kaskazini mashariki. Pepo zote mbili, mwaka mzima, zitakuwa zikivuma kutoka kwa watu kwenda jukwaani. Upepo wa juu una kasi kuliko ule wa karibu na ardhi, ambao majani na nyumba huupunguza. Sauti inayokwenda kinyume na upepo hucheleweshwa zaidi sehemu yake ya juu, kwa hiyo inainama kuelekea mbinguni na kuwaruka watu. Nakumbuka onyesho moja la ufukweni, mwezi wa Julai, spika zimeelekezwa kwenye kusi. Mita hamsini kutoka jukwaani watu waliona midomo inacheza, wasisikie maneno. Tuliongeza sauti mpaka waliokaa mbele wakaziba masikio, na wa nyuma hawakupata lolote la maana.

Habari njema ni kwamba kilima chenyewe kitawakinga kwa kiasi, kwa kuwa mtakuwa upande wake usiopigwa na upepo. Mnaweza kuongeza kinga kwa kupanda miti ukingoni juu. Mvinje unastahimili chumvi na ardhi mbovu. Ndio mti uliotumika kuanzia 1971 kuyageuza machimbo ya saruji ya Bamburi kuwa msitu, hapo hapo jirani yenu. Lakini mvinje hulia upepo ukipita, kila aliyelala kando ya mivinje anajua, kwa hiyo uwekeni mbali kidogo na safu ya mwisho, na mbele yake pandeni mti wenye majani mapana, mkungu kwa mfano.

Jambo jingine la magharibi ni jua. Saa kumi na moja jioni watu wenu watakuwa wanaliangalia jua usoni, likipiga maji na kurudi. Maigizo ya shule huwa jioni. Ukuta wa nyuma ya jukwaa ukiwa mrefu kiasi utawapa kivuli cha macho, na hii kwangu ni sababu nzito ya kuwa na ukuta kuliko ile ya kurusha sauti.

Usiku mambo hugeuka. Ardhi ikipoa, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na sauti badala ya kupanda inainama chini na kwenda mbali. Juu ya maji yaliyotulia huenda mbali zaidi. Ndiyo maana ukiwa Tudor usiku unaweza kusikia arusi ya ng'ambo kama iko mtaa wa pili. Fundi akijaribu mitambo saa nane mchana na kuiacha hivyo, saa tatu usiku atakuwa anawaimbia watu wa kisiwani. Besi ndiyo msumbufu mkuu. Wimbi la besi nzito lina urefu wa mita kama 7 au zaidi, na kuba au ukuta mdogo kuliko hapo hauwezi kulizuia. Linazunguka na kwenda zake. Wazee, wagonjwa na watoto wa ng'ambo nao ni majirani zenu, ingawa kuna maji katikati.

Kabla ya kukueleza ningefanya nini, nakuomba uende ukasikilize mahali pawili. Ingia ua wa Fort Jesus siku pana onyesho. Ngome ile ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na kuta zake nene za matumbawe zinazuia upepo na kurudisha sauti, mtu akisema kwa utulivu unamwelewa, ingawa besi ikizidi inazunguka ndani na kuchafua kila kitu. Halafu nenda Mama Ngina jioni ya kusi, pale palipotengenezwa upya na kufunguliwa 2019. Ni pazuri, pana nafasi na bahari mbele ya macho, lakini ni peupe, na upepo hufanya na sauti upendavyo. Ukitoka hapo utakuwa umejifunza kwa masikio yako zaidi ya ninavyoweza kukuandikia. Hata wazee wetu wa taarabu walijua hivi bila vipimo. Arusi za Mji wa Kale, mikeka imetandikwa kichochoroni, kuta pande mbili, mwimbaji na udi wake, na nyumba nzima za mtaa zinasikia. Kichochoro ndicho kilichokuwa ukumbi.

Basi, kuba la zege. Ushauri wangu ni msilijenge, angalau sio sasa. Zege ikikosewa umbo haigeuzwi. Utakaa nayo miaka hamsini. Na kando ya maji ya chumvi zege ina adui wake. Chumvi hupenya, hufikia nondo, nondo inashika kutu na kuvimba, na zege inapasuka kutoka ndani. Umeona mabaraza ya nyumba za ufukweni yanavyomwaga vipande. Kuba jembamba lililopinda, juu ya vichwa vya watoto wa shule, linahitaji mhandisi hodari, mchanga usio wa baharini, maji matamu na usimamizi wa kila siku. Hizo pesa hamna, na hata mngekuwa nazo kuna pa kuzitumia vizuri zaidi.

Ningeanza na jukwaa la mawe lililoinuka kama mita moja, sakafu ya mbao juu yake, na ngazi za kukalia zilizochongwa kidogo kidogo kwa jembe zikifuata mteremko ulivyo, zikishikiliwa na mawe na nyasi. Nyasi hunyonya mwangwi, saruji huurudisha. Nyuma ya jukwaa wekeni vibao vya mbao nzito au plaiwudi nene, kila kimoja kwenye fremu yake, vinavyoweza kugeuzwa na kutolewa. Vibao vile vile vikiinamishwa kidogo juu ya wapigaji vitawasaidia kusikilizana, na bendi inayosikilizana inapiga vizuri hata mitambo ikiwa duni. Jengeni na ghala la kuviweka, tena kabla ya vibao vyenyewe, na mtu mmoja awe na ufunguo na jukumu. Kuba la 1928 halikufa kwa ubovu wa fikra yake. Lilikufa kwa kukosa mtu wa kulifungua na kulihifadhi.

Spika mtahitaji, na hakuna aibu ndani yake. Kodini kwanza, msinunue. Badala ya kurundika mbili kubwa jukwaani na kuzipandisha mpaka mbele pachomeke, wekeni ndogo ndogo nyingine katikati ya mteremko kwa ajili ya watu wa juu. Zile za katikati lazima zicheleweshwe. Katika joto letu sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde, kwa hiyo spika iliyo mita 35 kutoka jukwaani ingoje sehemu moja ya kumi ya sekunde, la sivyo watu wa juu watasikia kila neno mara mbili. Fundi yeyote mwenye mikisa ya kisasa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, anaweza kuliweka hilo kwa dakika chache, mradi apime umbali badala ya kukisia. Mjini Chicago, Gehry yule yule aliyeweka kadibodi Hollywood alijenga jukwaa la wazi lililofunguliwa 2004, na juu ya uwanja wa nyasi akatandaza wavu wa mabomba ya chuma unaobeba spika nyingi, kila mtu apate sauti ya karibu yake. Ninyi mtafanya hivyo kwa nguzo nne za mbao.

Kaeni hivyo mwaka mzima, mpite kusi na kaskazi, masika na vuli. Baada ya hapo mtajua kama mnahitaji paa la kudumu, na la umbo gani.

Liko jambo moja hukuliuliza, na ndilo linalonitia wasiwasi kuliko kuba. Umeandika kwamba mzee "ameturuhusu". Kwa mdomo? Mzee Mungu amzidishie umri, lakini warithi wapo, na unajua habari za ardhi pwani kwetu. Uwanja wa Hollywood uliponea hapo: ardhi ilinunuliwa kwa michango na juhudi za watu, na 1924 ikakabidhiwa serikali ya kaunti ya Los Angeles. Uwanja ulipofilisika na kufungwa katikati ya msimu wa 1951, wananchi wakiongozwa na Dorothy Chandler waliandaa matamasha ya kuuokoa, na walipata cha kuokoa kwa sababu ardhi haikuwa ya mtu wa kuiuza. Nendeni kwa wakili, mtafute hati kwenye ofisi ya ardhi, mwandikiane mkataba wa miaka inayojulikana, na watoto wa mzee watie sahihi kama mashahidi. Fanyeni hivyo kabla hamjanunua mfuko mmoja wa saruji.

Yako mambo ambayo mimi siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Mhandisi wa majengo aliyesajiliwa lazima afike aangalie mteremko, hasa mahali maji ya mvua yanapopita, kwa kuwa watu mia tatu wakikaa juu ya udongo uliolowa si mzaha. Kama mtagusa karibu na mikoko au mpaka wa maji kujaa, onaneni na NEMA, mamlaka ya mazingira, na idara ya misitu mapema. Mikoko haikatwi bila kibali, na mradi kama huu huenda ukahitaji tathmini ya mazingira. Kaunti itataka michoro. Kelele nazo zina kanuni za kitaifa za mwaka 2009, ambazo zinatofautisha mchana na usiku, kwa hiyo ulizeni leseni ya maonyesho na saa ya mwisho mnayoruhusiwa. Mkishaamua kuweka paa la aina yoyote, ndipo muiteni mtu wa sauti aje na kipimo chake, alale hapo siku mbili, mchana na usiku.

Lakini kabla ya hao wote, fanya walichofanya Reed na mwanawe. Chukua mwimbaji wenu mmoja asimame pale jukwaa litakapokuwa, aimbe beti mbili bila maiki. Wewe panda mpaka safu ya mwisho, ukae chini kama msikilizaji, uandike maneno unayoyasikia. Rudieni saa kumi jioni na saa mbili usiku, siku ya upepo na siku ya shwari. Pima kwa hatua umbali wa kutoka chini mpaka juu, na kwa dira ya simu mteremko unatazama upande gani hasa. Niletee karatasi hizo nne za maneno uliyoyaandika pamoja na vipimo, umwonyeshe na mfadhili, na hapo nitaweza kukwambia spika ngapi, zisimame wapi, na kama ukuta wa mita mbili utatosha.